Bahari Nayo ni Barabara

Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana baada ya swala ya Isha. Wenzetu wengi wa visiwani hawakuweza kufika, na sababu ya kutofika kwao ndiyo mada yenyewe. Kwa hivyo tumeyaandika hapa, nawe uyasome ulipo.





Ndugu yangu, dada yangu, nianze na swali. Ukiwa Mombasa, na mama yako au mke wako akashikwa na uchungu wa kuzaa saa nane za usiku, wafanya nini? Wapiga simu. Tuktuk yaja, ama jirani mwenye gari aamshwa, na kabla ya nusu saa kwisha mgonjwa yuko mlangoni mwa hospitali. Mengine ya hospitali tutayasema siku nyingine, lakini angalau amefika.

Sasa mchukue mama huyo huyo umpeleke Kizingitini, kisiwa cha Pate. Uchungu umekuja saa nane ile ile. Kwanza kuna bodaboda mpaka Faza, kwenye hospitali ya wilaya ndogo. Mama mjamzito juu ya pikipiki, usiku, na mtu amemshika kwa nyuma asianguke. Daktari wa Faza akisema hili ni la kupasuliwa, yabidi aende Lamu mjini, hospitali ya King Fahd, hapo ndipo utakapojua bahari ni nini. Boti liko? Mafuta yako? Nahodha yuko? Na maji je, yamejaa ama yamekupwa? Maana maji yakiwa yamekupwa boti lakaa juu ya tope, na hata ukiwa na pesa za kununua meli nzima huwezi kuliamrisha lielee. Utangoja maji.

Na ikiwa King Fahd nako kumeshindikana, basi ni boti tena mpaka Mokowe, halafu zaidi ya kilomita 300 za lami kwenda Mombasa.

Huyo ni wa Pate, ambaye twaweza kusema yuko karibu. Nenda Ndau, nenda Kiwayu, nenda Mkokoni, nenda Kiunga huko mpakani na Somalia. Na kuna ndugu zetu Waboni, Aweer wenyewe wajiitavyo, wa Basuba, Milimani, Mangai, Mararani. Hao hata bahari hawana ya kuingojea ijae. Wana barabara ya msituni ambayo gari la kawaida haliendi, kwa ubovu na kwa hofu ya kilichofukiwa chini yake.

Nimeyasema haya kwa sababu kuna ugonjwa fulani tunao, sisi watu wa pwani. Tukisikia neno barabara, akili zetu zaona lami. Serikali nayo ikihesabu maendeleo, yahesabu kilomita za lami. Mwaka huu tumetia lami kilomita kadhaa, mwaka ujao kadhaa. Mtu wa Faza akiuliza na mimi je, aambiwa wewe uko kisiwani bwana, lami tutaitia wapi? Ukweli ni kwamba barabara anayo, tangu enzi za mababu. Ni pana kuliko barabara zote za Kenya, nayo ni bahari. Ila hakuna anayeihesabu kuwa ni barabara.

Nikupe hesabu moja ambayo ningependa uihifadhi, kisha ukamfundishe na mwenzio. Kila lita ya petroli ama dizeli inayouzwa kwenye pampu nchini Kenya ina ushuru ndani yake wa kutunza barabara. Ulikuwa Sh18 kwa lita, na tangu Julai 2024 ni Sh25. Hata mwenye boti huulipa, kwa sababu pampu haiulizi unatia petroli kwenye pikipiki ama kwenye mashine ya boti. Tuseme boti la abiria limechoma lita 60 kwenda na kurudi. Hiyo ni Sh1,500 ya ushuru wa barabara kwa safari moja tu. Likienda safari sita kwa wiki, ni Sh9,000. Na pesa hizo hazitoki kwenye mfuko wa mwenye boti. Zatoka kwako, ndani ya nauli unayolipa.

Zaenda wapi? Hazina hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kazi yake ni barabara za umma. Watu wa bara wana KeNHA ya barabara kuu, wana KURA ya mijini, wana KeRRA ya vijijini. Shimo likitokea kwenye lami, angalau kuna jina la ofisi ya kulilaumu. Mchanga ukijaa kwenye mkondo ambao maboti hupita, wamlaumu nani? Umewahi kuona bango limeandikwa mkondo huu umetunzwa kwa ushuru wako wa mafuta? Mimi sijaona. Kwa ufupi, bibi yangu wa Siyu anakarabati barabara za Nairobi kila anapopanda boti kwenda kuchukua dawa ya presha.

Sisemi wa Nairobi wanyimwe. Nasema tu kwamba anayelipa ushuru wa njia ana haki ya njia.

Chukua mkondo wa Mkanda. Kwa asiyejua, Mkanda ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na ndio njia ya mkato ya maboti yatokayo Lamu kwenda Pate. Maji yakijaa wapita vizuri, huku mikoko na huku mikoko. Kwa miaka mingi, yalipokupwa, tumbo la boti liligusa chini. Nahodha alikuwa na mambo mawili: angoje maji, ama azunguke nje kwenye bahari kuu. Wakati wa kaskazi, kuzunguka si neno sana. Wakati wa kusi, mwezi wa sita na wa saba, bahari ya nje imevimba, na boti lililojaa abiria, magunia ya unga, kreti za soda na mtoto mchanga mapajani mwa mamake si la kupelekwa huko. Kwa miaka na miaka watu wa Pate wamepanga harusi, mazishi, mitihani na safari za hospitali kwa kufuata Mkanda. Si kwa kufuata saa.

Na uchimbaji wa mkondo si kazi ya mara moja. Mchanga haukomi kutembea. Ukiutoa leo utarudi, pengine mwaka huu, pengine baada ya miaka. Kwa hivyo ukisikia mkubwa yeyote anajisifu kwamba mkondo fulani umechimbwa, mpongeze, halafu muulize: ni nani amepewa kazi ya kuutunza, na fungu lake la pesa liko ukurasa gani wa bajeti? Barabara ya lami ina fungu la matengenezo, na mkondo wa bahari wahitaji fungu lake vilevile.

Jamani, hapo hapo karibu na Mkanda kuna bandari. Tarehe 2 Machi 2012, marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walikuja Lamu kuanzisha mradi wa LAPSSET. Tarehe 20 Mei 2021 gati ya kwanza ikafunguliwa. Bahari ikachimbwa hata meli kubwa kabisa za makontena zaweza kuingia. Kwa hivyo lile la kwamba haiwezekani kuchimba bahari ya Lamu, tusiambiwe tena, maana imechimbwa na tumeona. Kilichobaki ni kujua inachimbwa kwa ajili ya nani.

Na hili la bandari lina somo lake jingine. Wavuvi wa Lamu walipoona sehemu zao za uvuvi zinakwenda, hawakukaa barazani kunywa kahawa na kulaani tu. Walikusanya karatasi, wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi ikasema wazi kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba watu hawakushirikishwa wala kupewa habari kama inavyotakiwa. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mwaka uliofuata, Juni 2019, mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe hapo Kwasasi. Waliosimama katika kesi hizo ni watu wa mitaani kwetu, wengine umri wa baba zetu. Walichokuwa nacho ni karatasi zilizopangwa vizuri na subira.

Basi turudi kwenye boti, na hapa nataka twende polepole, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapokosea.

Ukimwuliza kijana wa kisiwani ni nani mwenye jukumu la jeti na usafiri wa baharini, atakwambia serikali. Serikali gani? Anyamaza. Fungua Katiba yako ya 2010, nenda mwisho, Jedwali la Nne. Sehemu ya kwanza yataja kazi za serikali kuu, na humo mna barabara kuu za kitaifa na uongozaji wa vyombo baharini. Sehemu ya pili yataja kazi za kaunti. Kwenye namba tano, usafiri wa kaunti, utakuta feri na bandari, ukitoa mambo ya meli za kimataifa na za kitaifa. Feri na bandari! Imo kwenye orodha moja na barabara za kaunti na taa za mitaani. Maana yake ni kwamba mtu wa Mkwiro kule Kwale, anayevuka kwenda Shimoni, na mtu wa Ozi kwenye Delta ya Tana, na mtu wa Ndau, wote wana pa kuuliza karibu kabisa na nyumbani. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi ya ugatuzi, tumewaachia viongozi wetu wa kaunti waturushie mpira kwamba bahari ni ya Nairobi. Na Nairobi nayo ikisema jeti ndogo ni ya kaunti, sisi twabaki katikati, miguu kwenye tope.

Na hayo ya tope nasema kweli kabisa. Kuna jeti nimezishuhudia mimi mwenyewe, zimejengwa kwa saruji nzuri, zimezinduliwa kwa ngoma na sherehe, na maji yakikupwa hazifiki majini. Boti lasimama huko mbali. Abiria wateremka, wavua viatu, wapandisha nguo, watembea topeni. Siku moja tulishuka hivyo, na pamoja nasi alikuwa bibi kizee. Kijana wa boti, Allah amlipe kheri, akambeba mgongoni. Yule bibi alijifunika uso kwa mtandio wake njia nzima. Alipowekwa chini, kijana akamwambia, pole bibi. Akajibu, "Mwanangu, mimi si gunia." Hakusema kwa hasira, na wala hakumlaumu yule kijana. Lakini mimi lile neno sijalisahau mpaka leo.

Sisi twasema sitara ya mwanamke ni jambo kubwa katika dini yetu, na ni kweli. Mihadhara mingapi tumesikiliza juu ya buibui? Basi jeti isiyofika majini nayo ni suala la sitara. Jeti isiyo na ngazi ya kupitisha kiti cha magurudumu ni suala la haki. Kama huna hoja nyingine ya kumwambia diwani wako, anza na hiyo.

Na ukienda kumwambia, usimwambie twataka maendeleo. Hilo alishalisikia, lapita sikio moja latokea la pili. Mwambie twataka jeti ya mahali fulani iongezwe urefu mpaka ifike maji ya kupwa ya bamvua, siyo maji ya kujaa ya siku ya uzinduzi. Mwambie twataka taa, na maboya ya kuonyesha mkondo usiku. Kibanda cha kungojea chenye kivuli na choo, maana wanawake wanakaa pale saa tatu, saa nne, hawana pa kwenda.

Kisha boti la wagonjwa. Hapa nataka uwe mkali. Boti la wagonjwa likija hupigwa picha, lapakwa rangi nzuri, laandikwa maandishi makubwa ubavuni. Hiyo ni siku ya kwanza. Boti la wagonjwa ni nini hasa? Ni nahodha wa zamu ya usiku anayelipwa mshahara. Ni baharia wa pili. Ni muuguzi anayejua kumhudumia mgonjwa huku boti linarukaruka. Ni pipa la mafuta lililofungiwa mahali ambapo mwenye ufunguo hajaenda Mombasa. Ni mashine ya akiba, na fundi. Bila hivyo ni pambo. Kwa hivyo bajeti ikisomwa, usiulize boti limenunuliwa ama halijanunuliwa. Uliza fungu la mafuta yake kwa mwaka ni kiasi gani, na kwa usiku ni nani yuko zamu. Nakuhakikishia ukumbi utanyamaza, kwa sababu hilo ndilo swali lisilotarajiwa.

Kuna mwenye kusema, ustadh, na usalama je? Ni kweli. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu iliwekewa kafyu, na bahari ikafungwa usiku. Kuanzia 2015 kuna operesheni katika msitu wa Boni. Wapo askari na raia waliokufa kwenye barabara zile, Allah awarehemu wema wao. Hatupingi usalama, sisi ndio wa kwanza kuuhitaji. Tusichokubali ni usalama kugeuzwa jibu la kila swali. Uchungu wa mama haujui kafyu. Kila mahali penye vizuizi vya usiku lazima pawe na utaratibu ulioandikwa na unaojulikana, wa jinsi mgonjwa anavyovushwa, nambari gani ya simu inapigwa, na ni nani anayeitikia. Kijiji kisiwe na kazi ya kubembeleza. Na kwa vijiji vya Waboni, barabara ni sehemu ya usalama wenyewe. Mahali ambapo gari la mwalimu na la muuguzi halifiki, hapo ndipo mtu mbaya hupapenda.

Usafiri hauishii kwenye hospitali. Kijana wa kijiji cha mbali anayetafuta kitambulisho alipa nauli ya boti kwenda kwenye ofisi, aambiwa mwenye mashine hayupo, rudi wiki ijayo. Alipa tena. Sisi Waislamu wa pwani na wa kaskazini twalijua suala la vitambulisho, tumelilia miaka mingi. Lakini hata masharti yote yakilegezwa leo, nauli ya safari tatu yaweza kumfanya kijana akate tamaa. Na asiye na kitambulisho hapigi kura wala haajiriwi. Mvuvi wa Kizingitini naye ana kamba na pweza wa kutafutwa na mahoteli, lakini barafu yayeyuka akingoja maji yajae, na bei aipangiwa na mwenye boti la kubeba. Umaskini wake hautoki baharini.

Lakini tuseme ukweli wote, na sisi wenyewe tujitazame. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama hapo Kilindini, watu 272 wakafa. Wazee wetu wengi wanaikumbuka siku ile kama jana. Feri ilikuwa imejaza kupita kiasi. Miaka yote hii baadaye, bado waona boti dogo limepakia abiria na shehena mpaka ubavu uko sentimita chache juu ya maji. Majaketi ya kuokolea maisha yamo, yamefungwa kamba chini ya kiti, yatolewa askari akionekana. Wewe kijana ukiambiwa uvae wasema joto, ama utaonekana mshamba. Kisha likitokea la kutokea twasema ajali haina kinga. Mtume wetu, swallallahu alayhi wasallam, alimwelekeza yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Allah. Na ni kweli imepokewa kwamba aliyekufa maji ni katika mashahidi. Hiyo ni rehema kwa aliyefikwa. Haikuwekwa iwe ruhusa ya nahodha kupakia watu hamsini kwenye chombo cha watu thelathini. Nahodha akizidisha, shuka. Mkishuka watano, boti la pili litafuata sheria.

Kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi la imani, tulifundishwa hilo madrasa tukiwa wadogo. Wengi tukaelewa ni mwiba, ni ganda la ndizi. Sayyidna Umar, radhiyallahu anhu, alilielewa kwa upana wake. Imepokewa kwamba aliogopa kuulizwa mbele ya Mola wake juu ya mnyama aliyejikwaa huko Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia. Yeye alikuwa Madina. Tazama umbali huo, na tazama kwamba ni mnyama.

Sasa mfuko. Ibara ya 204 ya Katiba iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, mpaka zilingane na kwingine. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti zilizotengwa kwa mara ya kwanza, mwaka 2013, zilikuwa 14. Tano kati yake ni za pwani: Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Hazina hiyo ina umri wake. Ni miaka ishirini kuanzia 2010, isipokuwa Bunge liiongezee muda. Hesabu mwenyewe, ni 2030. Mtoto aliyeko darasa la nne leo hatakuwa hata amepata kitambulisho. Je, wajua ni mradi gani wa hazina hiyo uko kwenye wadi yenu? Basi hilo ndilo swali lako la kwanza.

Na waliuliza kwa maandishi. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Yakuruhusu wewe raia kuandika barua kwa ofisi ya umma na kuomba habari. Waandika kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, sheria imetaja lugha zote mbili, kwa hivyo usiogope kwamba Kiingereza chako kimepinda. Asiyejua kuandika, afisa yuampasa kumsaidia. Wajibiwe ndani ya siku 21, na kama habari inahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Hulipi kitu kwa kuomba, labda gharama ya nakala. Wakikunyamazia, wapeleka malalamiko ofisi ya Ombudsman. Weka nakala, uigonge muhuri wa kupokelewa. Bila ule muhuri wataapa hawajakuona.

Kalenda pia iweke kwenye simu. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa bajeti, 28 Februari. Makadirio yenyewe, 30 Aprili. Bajeti yapitishwa kabla ya Juni kwisha. Ukija kulia mwezi wa Julai, umekuja kuswalia jeneza lililozikwa. Jambo la kusemea jeti yenu ni kabla ya Septemba, na kama kikao cha kutoa maoni kimewekwa mjini siku ambayo maji yamekupwa asubuhi na watu wa visiwani hawawezi kufika, basi andikeni kulipinga hilo nalo. Kikao ambacho wenye shida hawawezi kukifikia si kushirikisha umma.

Nina ombi moja kwa mlioko Mombasa na Nairobi, nyinyi wenye intaneti nzuri. Mzaliwa wa kisiwani ana mambo ya kusema kukushinda, ila mtandao wake wakatika. Usimsemee. Mpigie simu, mwandike pamoja ile barua, yeye atie saini, wewe uifikishe ofisini. Video ya boti topeni yapata laiki elfu kumi na kesho imesahauliwa. Barua yenye muhuri haisahauliki, maana ina tarehe.

Tuanze na kitu kimoja. Kila mmoja wenu anayetoka kijiji chenye diko ama jeti, wiki hii aandike mambo manne: jina la mahali, saa ngapi kwa siku boti haliwezi kufika kwa sababu ya maji, nauli ya mtu mzima mpaka hospitali ya karibu, na nani huitwa usiku mgonjwa akizidiwa. Tuletee kwenye ukurasa huu. Tutazipanga kijiji kwa kijiji, kuanzia Vanga mpaka Ishakani, kisha tutaandika barua zetu kwa kila kaunti kabla Septemba haijafika. Na siku ya 22, inshallah, tutakutana tena hapa hapa tusome majibu, ama tusome majina ya waliokaa kimya.